Nani Amtuze Mtetezi wa Haki?

Kumpa mtu tuzo kwa kuwa ametetea haki za binadamu ni tendo lenye mgongano ndani yake, ingawa mgongano huo hauonekani kwa urahisi wakati wa shangwe. Haki, kwa maana inayokubaliwa na wanafalsafa wengi na pia na dini kubwa za Afrika Mashariki, ni kile ambacho mtu anastahili kwa kuwa ni mtu, wala si hisani ya mtawala. Kwa hiyo anayeitetea hatoi zawadi yoyote, bali anadai deni lilipwe, na kudai deni la namna hiyo ni wajibu. Ikiwa ni wajibu, basi tuzo ni ya nini? Na ikiwa mtetezi alisimama kwa ajili ya Mungu wake, je, ni halali apokee taji kutoka kwa wanadamu?

Mafundisho ya dini yanalichukulia swali hili kwa uzito. Katika Uislamu, ikhlasi, yaani kulitenda jambo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake, ndiyo roho ya kila ibada, na kinyume chake ni ria, yaani kutenda ili watu waone na kusifu, kosa ambalo wanazuoni wamelionya vikali kwa sababu hula thawabu ya tendo kutoka ndani. Katika Ukristo, hotuba ya mlimani katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, inawaonya wanaotoa sadaka ili wasifiwe kwamba thawabu yao wamekwisha kuipata. Hata hivyo mapokeo hayohayo hayakuharamisha shukrani. Mtume Muhammad amepokewa akifundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, naye Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, aliagiza kila mtu apewe haki yake, na mwenye kustahili heshima apewe heshima. Hapa panahitajika kutenganisha pande mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: onyo linamhusu mtendaji na nia yake, na agizo la kushukuru linawahusu walionufaika. Mtetezi haruhusiwi kuitafuta tuzo, lakini jamii nayo haina ruhusa ya kujifanya haikuona kitu.

Wilaya ya Same, Upareni, kaskazini mwa Tanzania, ina ushahidi wa zamani juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwatoza Wapare kodi iliyopanda kulingana na makadirio ya mali ya kila mlipaji, ikaiita mbiru, jina la ushuru ambao watu wa kale waliwapelekea watawala wao. Wapare hawakukataa kulipa kodi yoyote, kwa maana kodi ya kichwa walikuwa tayari kuitoa; walichokataa ni kupimiwa mali zao kwa makadirio waliyoyaona ya dhuluma. Mwezi Januari 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, wakasubiri kusikilizwa huku wanawake wakiwashushia chakula, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wenyewe wakawakabili maofisa. Baadhi ya viongozi walihamishwa mbali na kwao, lakini mwishowe kodi hiyo ilifutwa. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilikuwa bado halijaandikwa, kwani lilipitishwa Desemba 1948, na hakuna baraza lolote la kimataifa lililowatuza wale waliolala nje pale Same. Shukrani waliyoipata ilichelewa, nayo ilikuja kwa kalamu ya mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyechapisha kitabu chake juu ya mbiru mwaka 1971. Haki yao haikupungua kwa kukosa tuzo, na hilo ni la kukumbukwa kila panapotokea dhana kwamba tuzo ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtetezi.

Tuzo ya Umoja wa Mataifa katika uwanja wa haki za binadamu ilianzishwa na Baraza Kuu mwaka 1966, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1968, na kwa kawaida hutolewa kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2018 mmoja wa waliotunukiwa alikuwa Rebeca Gyumi, mwanasheria Mtanzania aliyeanzisha shirika la Msichana Initiative na kufungua kesi dhidi ya vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata miaka 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mwanamume alitakiwa afikishe miaka 18. Mahakama Kuu iliamua Julai 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ikataja mila na sheria ya Kiislamu. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Tuzo ilitolewa, basi, wakati shauri lenyewe bado liko mahakamani, na huo ndio wakati inapofaa zaidi, kwa sababu humsimamishia mtetezi mashahidi wakati bado anahitaji mashahidi. Si kwamba tuzo ni ngao isiyopenyeka: Pierre Claver Mbonimpa, mtetezi wa haki za binadamu wa Burundi, alipewa Tuzo ya Martin Ennals ya watetezi wa haki mwaka 2007, na mwaka 2015 akapigwa risasi Bujumbura, akanusurika.

Hoja ya mila na dini isipuuzwe, maana kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, karibu na milima ya Upareni, ndoa haifungwi na Bunge, inafungwa na wazee, mashehe na wachungaji. Bwawa hilo, lililojengwa katika miaka ya 1960 ili kudhibiti maji ya mto Pangani na kuzalisha umeme, liliwakusanya wavuvi wa perege, wafugaji wa Kimasai, wakulima wa Kipare na wageni wa kila namna, kila jamii na taratibu zake za posa na mahari. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Lakini binti aliyemaliza darasa la saba bila kuendelea, anayeanika samaki mwaloni pamoja na mama yake, hamo katika ulinzi huo. Dini inayofundisha kwamba Mungu amewatukuza wanadamu wote, kama Kurani inavyosema katika Sura ya 17, au kwamba mwanamke na mwanamume wameumbwa kwa mfano wa Mungu, kama kinavyosema kitabu cha Mwanzo, haiwezi kulitumia jina lake kumtoa binti huyo katika utukufu huo kwa sababu tu hakufaulu mtihani.

Kwa mujibu wa azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1998, mtetezi wa haki za binadamu ni mtu yeyote anayezitetea kwa amani, awe peke yake au pamoja na wenzake. Shangazi anayekataa kushiriki posa ya mtoto wa kaka yake, akajitia katika ugomvi wa ukoo ambao unaweza kudumu miaka, ni mtetezi kamili, na hakuna kamati ya New York itakayomjua. Kwa sababu hiyo tuzo ya kimataifa ni halali ikipokewa kama amana, yaani kitu ambacho mtu amekishika kwa niaba ya wenyewe, na ni batili ikigeuzwa kuwa risiti ya deni ambalo halijalipwa. Hadi mwaka 2023, miaka minne baada ya hukumu ya rufaa, Bunge lilikuwa bado halijarekebisha vifungu vile viwili. Wabunge wanaojivunia tuzo ya Mtanzania mwenzao na wawatendee haki mabinti aliowatetea, na viongozi wa dini wa Upareni wasingoje sheria kukataa kufungisha ndoa ya mtoto.