Fumbo Lisilo na Mfumbaji

Kijana akileta barazani shairi lililotungwa na mashine, mlezi wake afanye nini? Suali hili limekwisha kuingia katika madarasa ya fasihi na vikundi vya vijana, kwa kuwa simu iliyomo mkononi mwa kijana yaweza kumpa beti tano kabla kahawa haijapoa. Wapo wanaotaka mashine hiyo ipigwe marufuku, na wapo wanaoiona kuwa ni maendeleo yasiyohitaji mjadala. Pande zote mbili zimefanya haraka.

Akili mnemba (jina linalomkumbusha Mzanzibari kile kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki ya Unguja) haitungi kwa kuhesabu silabi. Huyakata maneno vipande vya herufi, kisha hukisia kipande gani kifuate, kwa kadiri ya maandishi iliyolishwa. Vipande hivyo havilingani na silabi za Kiswahili, na kwa hivyo mshororo uliotakiwa uwe na mizani 8 kwa 8 huweza kutoka 9 kwa 7. Sikio lililozowea ushairi huinasa kasoro hiyo papo hapo. Lakini hoja ya maadili isijengwe juu yake. Mafundi wanaendelea kuirekebisha mashine, na siku mizani itakapotimia hoja hiyo itakuwa imekufa.

Hoja yenyewe imo katika fumbo. Vijana wa pwani wamerithi ushairi wa kufumba: jambo lisilosemeka waziwazi hufungwa ndani ya beti, likawa habari ya tanga lililochanika au kisima kilichokauka, na msikilizaji akalifumbua. Binti anayelazimishwa kuolewa, mvulana aliyeanza kuonja dawa za kulevya, mwanafunzi anayepigwa nyumbani: hao aghalabu hawamwendei mlezi na habari, humwendea na beti. Mlezi mwema huuliza kwa upole, "Mwanangu, hili umemfumbia nani?" Beti za mashine haziwezi kuulizwa suali hilo, kwani nyuma yake hakuna aliyefumba. Kijana aliyeziazima amejifungia mlango wa kusema, na mlezi aliyezisifu amejifungia mlango wa kusikia. Hasara hiyo inaushinda ule udanganyifu unaolalamikiwa kila siku na walimu.

Zaidi ya hapo ni pale mlezi mwenyewe, kwa wingi wa kazi, anapoinakili habari ya kijana ndani ya programu ili apewe ushauri. Siri ya kijana ni amana. Mpokea amana ni yule awezaye kuulizwa, akaona haya, akatoa jawabu. Mashine haina haya, na yaliyoandikwa humo huenda yakahifadhiwa katika kompyuta za ng'ambo. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeweka mipaka katika mambo hayo. Adabu ya amana, hata hivyo, ilikuwapo kabla ya sheria hizo, na haikungoja bunge.

Hata heshima inayoonyeshwa na mashine katika maneno yake haikuzaliwa nayo. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya mauaji, mateso na unajisi wa watoto, mashine ipate kujifunza kuyaepuka. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwajeruhi nafsi. Katika vikao vya kuwafundisha vijana matumizi mema ya chombo hiki, habari hii ingestahili kutangulia nyengine zote.

Pamoja na hayo, kumnyima kijana chombo kwa sababu ya hofu ni dhulma vilevile. Asiyeona husomewa kitabu na simu. Asiyeweza kushika kalamu husema, na maneno yake yakaandikwa. Tatizo ni Kiswahili gani kinachosikiwa. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyengine zimesukumwa pembeni vitabuni, na mashine hulishwa yaliyomo vitabuni. Kijana wa Lamu akiandika "mato", mashine yaweza kumsahihishia ikaweka "macho". Mizani haibadiliki, lakini kina cha "to" kimevunjika, na kijana amefunzwa kwamba lugha ya bibi yake ni kosa. Mpemba na Mmakunduchi nao wana yao ya kulalamikia.

Kisha iko mizania ya mfuko. Katika kikundi chenye vijana ishirini na simu tatu, wenye simu ndio watakaokuwa na beti, na aghalabu si mabinti. Kikundi cha namna hiyo chaweza kuanza na kalamu tu, kila mmoja akaandika ubeti wake kama ulivyomtoka, kwa lahaja yake, ukiwa na mizani 7 au 9. Baadaye simu moja huwekwa katikati ya mkeka, ikaombwa ubeti kwa maudhui yaleyale, ukasomwa kwa sauti, na wote wakahesabu kwa vidole.