Mbwa Huyu ni wa Nani?

Katika mitaa ya Mpanda, tangu Kashaulili hata Makanyagio na Kawajense, twaiona desturi moja ya ajabu. Usiku mbwa ana mwenyewe: hulinda mbuzi, kuku na magunia ya mahindi, na mwenye nyumba hujisifu kwa ukali wake. Kukipambazuka, mbwa yule yule yu barabarani akiwazingira watoto waendao shule. Akimuuma mmoja wao, mara hana mwenyewe. Ni "mbwa wa mtaa" tu.

Je, yampasa mtu kuipokea faida na kuikana hasara? Sheria ya kale katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yataja ng'ombe apigaye watu pembe: ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa naye hakumzuia, hatia ni yake. Angalieni, hatia ile haikuanzia penye pembe. Ilianzia katika kujua na kunyamaza.

"Mimi ni maskini, sina ukuta," wasema wengine. Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau, kwani nyumba nyingi hazina hata ua wa miti, na wezi wapo. Walakini kamba si mali ya matajiri peke yao. Tena mjane aendaye kuteka maji alfajiri ni maskini vile vile, na njia ni yake pia. Jirani Mwislamu naye, akiguswa na mate ya mbwa akielekea msikitini, hana budi kurudi nyumbani kujitoharisha.

Kisha kuna kichaa cha mbwa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa, mwaka 1885, ugonjwa huu waweza kuzuiwa. Lakini dalili zikisha kutokea, karibu hakuna aponaye. Wataalamu wasema, mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizo hukatika. Kuwaua ovyo kwa sumu, kama wengine watakavyo, hakufai kitu, maana nafasi zao hushikwa na wengine wasiochanjwa. (Wala mbwa hakuomba kufugwa kwa njaa.)

Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, apelekwe hospitali siku ile ile. Nani atoe nauli na gharama ya sindano? Twasema, mwenye mbwa. Ikiwa mtoto alirusha jiwe, shauri hilo litasikizwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, sindano ikisha kuchomwa.