Mmea wa kwetu ni upi?

Sisi wa Kibumba, tukipewa karatasi na rangi ili tuchore mmea wa kwetu, mkono unakimbilia shu, kiazi ao mkalitusi. Lakini kiazi kilitoka milima ya Andes, shu Ulaya, mkalitusi Australia. Mianzi na lobelia kubwa za mlima Mikeno, zilizotutangulia sisi wote, hatuzifikirii: ziko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na shamba letu linaishia mpakani.

Basi mwenyeji ni nani? Huku kwetu swali hilo si la mchezo. Watu wameuana kwa ajili yake. Kuchora kunatulazimisha kutazama polepole. Ua la kiazi, nani kati yetu alilitazama vizuri? Tumezoea kutazama chini, kwenye chakula. Ukilichora unaona mmea uliofika, ukashika udongo wa volkano, ukazaa. Wengine watasema mtu si kiazi, mtu ana makaburi ya babu zake. Ni kweli. Ila mwaka 1994, kambi ya wakimbizi ilipowekwa hapa, watu walitafuta kuni, na panga halikuuliza mti asili yake. Kisha tulipanda tena. Tulipanda mkalitusi.