Haki ya Kusifu Kitabu cha Mwenzetu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, husema wahenga. Mtu akiikubali methali hii bila kuipunguza, hana budi kukubali pia ya kuwa kupendekeza vitabu ni kazi bure, na ya kuwa anayewaambia wazazi, "Wasomesheni watoto wenu vitabu vya waandishi weusi," ameacha hukumu akashika upendeleo. Rangi ya mwandishi, tutaambiwa, haionekani katika herufi zake. Shutuma hii ni nzito, wala haijibiwi kwa hasira.

Walakini methali ina sharti ambalo haikulitaja. Kizuri chajiuza kikiisha kufikishwa sokoni. Tutazame Ukerewe, kile kisiwa ambacho msafiri hukifikia kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio. Huko Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza katika mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao. Lugha ilikuwa ya watu wachache, na mpiga chapa hakupatikana. Mzee akaketi akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitolewa Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki dunia. Miaka 35! Katika muda huo wote kizuri kilikuwapo, nacho hakikujiuza, maana hakikuwa na miguu. Basi upendeleo ulikwisha kuwapo kabla mpendekezaji hajafumbua kinywa: ulikuwamo katika lugha iliyochaguliwa kupigwa chapa, katika fedha, na katika mashaka ya wenye mitambo. Anayekitaja kitabu kama hicho hapotoi mizani iliyo sawa. Anaugusa mkono wa mizani uliokwisha pinda.

Je, yafuata kwamba kila kitabu cha mwenzetu kisifiwe? Haifuati hata kidogo. Anayenipa kitabu akasema tu kwamba mwandishi ni mtu wetu, amenipa habari za uzazi, hakunipa habari za kitabu. Tena amemvunjia mwandishi heshima, kwa kuwa amemtendea kama maskini anayechangiwa. Kitereza hahitaji mchango huo. Myombekere anaambiwa na jamaa zake ya kuwa mke asiyezaa si mke; wakwe nao wanamchukua binti yao kwa uchungu wa maneno hayo. Yeye anamfuata, anajishusha mbele ya wakwe, anatimiza masharti yao, na anarudi naye nyumbani pasipo hakika yoyote ya kupata mtoto. Swali la kuwa ndoa ni nini mahali ambapo watoto hawapo ni swali la watu wote, na kisa hiki kinaliuliza kwa subira ambayo sijaikuta katika riwaya nyingi zenye sifa kubwa kuliko hiyo. Hiyo ndiyo sababu ya kukipendekeza. Asili ya mwandishi yaeleza kwa nini kilichelewa kutufikia, basi.

Mpendekezaji anadaiwa jambo jingine pia: kusema kitabu ni cha nani. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa hicho hicho, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na kwa muda kitabu kikapigwa marufuku shuleni. Kuwalaumu waliopiga marufuku ni rahisi. Mimi nami naona walikosea, kwa kuwa binti aliyelelewa kwa fimbo na vitisho, kisha akaachwa peke yake shuleni, ndiye hasa anayestahili kukisoma. Lakini nisingempa mtoto wa miaka tisa, na kumnyima huko si kukitukana kitabu.

Kwa huyo wa miaka tisa, na mdogo wake asiyejua kusoma bado, mchoraji ni mwandishi wa kwanza. Hapa wengine hukazana kupita kiasi, wakitaka mtoto wa ziwani asome habari za ziwa peke yake. Theluji haitamdhuru. Linalomdhuru ni kudhani ya kuwa mambo yanayostahili kuandikwa hutokea penye theluji tu. John Kilaka, mchoraji aliyezaliwa Sumbawanga mwaka 1966, amechora kisa cha Sokwe mvuvi ambaye samaki wake wanaibwa na Mbwa, kwa rangi kali za mtindo wa Tingatinga. Vitabu vyake kadhaa vya picha vilitolewa kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Sioni ubaya mtoto wa Zürich kumcheka Mbwa yule. Ila pale Mwaloni, Kirumba, samaki huteremshwa na dagaa kupakiwa mbele ya macho ya watoto ambao wangeweza kumwambia mchoraji mahali alipokosea na mahali alipopatia. Nao ndio wasomaji ambao mpendekezaji angepaswa kuwaendea kwanza, kitabu kikiwa mkononi.