Amana Isiyokabidhiwa

Je, mnunuzi anayemficha muuzaji namba ya kadi yake amemdhania vibaya? Biashara imesimama juu ya kuaminiana tangu zama za kale, lakini pochi za simu kama Apple Pay, iliyoanza Marekani Oktoba 2014, zimeundwa ili muuzaji alipwe bila kuijua namba hiyo. Kadi ikisajiliwa, simu haiweki namba halisi. Hupewa namba mbadala, ambayo kwa Apple Pay hukaa ndani ya chipu maalumu. Mteja anapoisogeza simu kwenye mashine ya malipo na kujithibitisha kwa alama ya kidole au uso, hutoka namba ile mbadala pamoja na msimbo wa muamala huo mmoja tu. Mwizi akizidaka, hawezi kuzitumia kununulia kwingine.

Naona hapo hakuna dharau, bali kuna huruma. Mwaka 2013 wahalifu waliingia katika mifumo ya maduka ya Target, Marekani, wakaiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Duka halikukusudia kumdhulumu mteja. Lilibeba siri nyingi kuliko lilivyoweza kuzilinda. Kurani, katika Surat An-Nisaa aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Basi amana ni mzigo wa kuulizwa, na kumtwika mtu mzigo ambao kazi yake haiuhitaji ni kumweka katika hatari ya kulaumiwa bure.

Atakuwepo wa kusema kwamba mashine inaua uaminifu, kwani asiyekabidhiwa kitu hajapimwa. Lakini muuzaji bado anashika mizani, bado anasema kama bidhaa ni mpya au imechakaa. Huko ndiko anakopimwa. Imani yenyewe haikutoweka, imehamia kwa benki na kwa watengenezaji wa simu, nao ndio wa kubanwa zaidi sasa, maana benki inaendelea kuona ni wapi tumelipa na kiasi gani.

Hoja nzito zaidi ni ya utapeli. Chipu haimlindi aliyedanganywa. Tapeli mwenye namba ya kadi yako hukupigia, akakuomba umsomee msimbo uliotumwa na benki, kisha akaisajili kadi hiyo kwenye simu yake mwenyewe. Hapo siri imetolewa na mwenyewe. Kwa hiyo msimbo huo usimsomee yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa wa benki yako.