Mti Mzee wa Uani

Wahenga walinena kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikutaja wana wa watu walalao chini ya mti wenyewe. Katika nyumba za ufukoni mwa Ziwa Victoria, tokea Dunga karibu na Kisumu mpaka Bondo, jambo hili halina mzaha. Mvua ya alasiri huja ghafula na radi na upepo mkali, na mapaa ya mabati yamekaa chini ya miembe na mikuyu iliyokuwapo kabla ya mwenye nyumba kuzaliwa. Je, mti wa namna hiyo uhifadhiwe au ukatwe?

Mti wa nyumbani haulingani na kiti kibovu. Kwa desturi ya Waluo wafu huzikwa nyumbani, na boma lililohamwa zamani, liitwalo gunda, aghalabu hutambulikana kwa miti iliyosalia baada ya kuta za udongo kuyeyuka. Mti mzee, basi, ni shahidi wa mipaka na makaburi. Hata serikali imepata kusikia ushahidi wa namna hii. Mwezi wa Novemba 2020, mjini Nairobi, mtini mkubwa wa kando ya barabara ya Waiyaki, uitwao mugumo na Wakikuyu, ulikuwa uondolewe kupisha barabara mpya. Watu wakalalamika, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa tamko la kuuhifadhi. Walakini mti ule ulishindana na barabara, na barabara yaweza kupindishwa. Mti wa uani hushindana na kitanda cha mtoto.

Uzee peke yake si hatia. Moyo wa shina ni sehemu iliyokwisha kufa hata katika mti wenye afya. Chakula hupita chini ya gome, na maji hupanda katika sehemu ya nje ya shina. Ndiyo sababu mkuyu wenye tundu la kuingia mbuzi waweza kuzaa miaka mingi. Hatari hutafutwa kwingine: uyoga penye mizizi, udongo uliopasuka upande mmoja, shina lililoanza kuinama juzi, tawi lililokauka juu ya paa. Ziwa nalo lina sehemu yake. Maji yalipopanda mwaka 2020 yakafurika ufukoni, mizizi mingi ilizama. Na mizizi ikikosa hewa, mti huweza kufa ungali umesimama.

Lakini macho hayatoshi, kwa kuwa mtazamaji naye ana moyo. Mbao za mvule hupendwa na waunda mashua, na mkaa una bei; ajabu ni jinsi hofu ya mti inavyozidi siku mnunuzi anapobisha hodi! Kwa upande mwingine yuko mzee aupendaye mwembe alioachiwa na baba yake, naye hulala chumba cha mbali, na wanaolala chini ya tawi bovu ni wapangaji. Mapenzi yake hayamgharimu kitu, maana gharama wameiweka rehani wengine kwa roho zao. Mtu wa namna hiyo na aulizwe kwanza kama yeye mwenyewe angelala pale usiku wa dhoruba.

Mara nyingi ipo njia nyingine, isiyopendwa kwa kuwa ina kazi. Tawi bovu hukatwa, shina likabaki. Jiko huhamishwa, mti ukaachwa. Kujenga jiko la udongo mahali pengine ni kazi ya siku chache, lakini kukuza mkwaju mpaka kivuli chake kitoshe baraza ya wazee ni kazi ya kizazi. Pasipowezekana lolote kati ya hayo, mti na ukatwe kabla ya masika, kwa kamba, kipande kwa kipande kuanzia juu, majirani wakiwa wameambiwa. Na mche upandwe msimu huo huo, mbali na nyumba kwa kadiri ya urefu utakaofikia, si kwa kadiri ya urefu wake siku ya kupandwa.