Hiyo Wacha

Madalali walikuja kwetu Umoja Jumamosi moja asubuhi, mwaka 2006. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tumechelewesha kodi miezi mitatu, na landilodi alikuwa ameshachoka na hadithi zetu. Walikuja wanne na kenta. Wakabeba viti, televisheni, friji ndogo ambayo hata haikuwa inagandisha, na meza ya kahawa ikiwa bado na kitambaa chake juu. Majirani walijifanya wanaanika nguo.

Mathe alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono magotini. Mkononi alikuwa na bangili ya shaba ya shosho, nzito, waya uliosokotwa ukazungushwa mara tano. Kijana mmoja wa wale madalali akaiona. Akamtazama mkubwa wake, jamaa wa makamo aliyevaa kofia, kama anayeuliza. Yule mkubwa akatikisa kichwa.

"Hiyo wacha."

Wakaondoka. Usiku huo tulikula ugali tukiwa tumeketi kwenye godoro, na kwa muda mrefu nilichokumbuka kuhusu siku ile ni aibu tu. Ila siku hizi swali linalonisumbua ni lingine. Yule jamaa alikuwa na karatasi, alikuwa na kenta, na watu hawakumjua kwa huruma. Mbona aliiacha?

Miaka mingi baadaye nilipata jibu la nusu mahali ambapo singetarajia. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za madai, Sura ya 21, kifungu cha 44, inaorodhesha mali ya mdaiwa ambayo haiwezi kukamatwa kulipia deni la kortini. Kuna nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko. Kuna vifaa vya kazi ya mtu. Halafu, katikati ya masufuria na blanketi, kuna mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kutenganishwa nayo. Kodi ya nyumba ina sheria yake, na sidhani yule dalali alikuwa akiwaza vifungu. Lakini wazo ndilo hilo hilo. Hata mfumo uliotengenezwa kukunyang'anya unakubali kwamba kuna vitu ambavyo ukimng'oa mtu, hujachukua mali yake tu. Umemchukua na yeye.

Sasa nikiri. Bangili ambayo dalali aliiacha, niliiuza mimi.

Ilikuwa 2017. Mathe alikuwa amevimba mikono kwa ugonjwa, akaivua na kuiweka kwenye mkebe wa Blue Band juu ya kabati. Kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa akizunguka mitaa yetu akinunua vitu vya wazee: vigoda, vibuyu, shanga, mikuki. Alinipa shilingi 2,500. Ningependa kuwaambia ilikuwa ya karo. Ilikuwa ya kuongezea simu.

Mwaka huu, mwezi wa nne, nilikuwa kwa matatu nikitoka tao, tumekwama pale Jogoo Road, nikipitisha macho tu kwa simu. Nikafika kwenye orodha ya mnada mmoja wa Ulaya: mikufu ya kale, pete za vito, vinyago, na humo ndani fungu moja la bangili saba za shaba. Maelezo yalikuwa mstari mmoja: Afrika Mashariki, karne ya 20, kutoka mkusanyiko wa mtu binafsi. Ya tatu kutoka kushoto ilikuwa waya uliosokotwa, mizunguko mitano. Makadirio ya fungu zima yalikuwa yuro 150 hadi 200. Mnada ulikuwa Alhamisi.

Siwezi kuapa kwamba ni ile. Wakamba wamesokota waya wa shaba kwa vizazi, na shosho hakuwa mwanamke pekee Kitui mwenye bangili. Lakini nilipitiliza steji yangu, nikashukia Donholm nikiwa bado nimekodolea macho ile picha. Na swali lilikuwa rahisi kabisa, la pesa ambazo hata chama changu kingenikopesha: nipande dau au nisipande?

Nikaanza kusoma, kama tunavyofanya sote tukitaka kuchelewesha uamuzi.

Kila mtu aliyesoma juu ya vitu vilivyoibwa hapa kwetu hufika kwa vigango. Hizo ni nguzo za mbao ambazo Wamijikenda, hasa Wagiriama, huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Si sanamu ya kupamba. Kigango ndipo roho ya mzee hupata makao, na kikishasimama hakihamishwi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Pwani, Kalume Mwakiru, akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mzee aliaga dunia kabla ya kuviona tena. Mwaka 1999, katika kongamano la wasomi huko Marekani, Udvardy akaoneshwa picha za slaidi, na kimoja wapo kikatokea ukutani. Kilikuwa kwenye jumba la makumbusho la jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana Hampton University, Virginia, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi waliotoka utumwani. Vyote viwili vilirudi kwa familia mwaka 2007.

Nilipoisoma hadithi hiyo mara ya kwanza nilisimama upande ulio rahisi. Wazungu wezi, basi. Lakini kigango hakijing'oi. Mzungu wa Los Angeles hakuwa anaamka usiku kuingia kaya ya Kilifi na panga. Aliyeingia mara nyingi alikuwa kijana wa hapo hapo, anayemjua mzee kwa jina, asiye na kazi, aliyepewa pesa kidogo na dalali wa vinyago. Huyo kijana namjua. Tofauti yangu na yeye ni kwamba mimi sikuhitaji panga, nilihitaji kiti cha kufikia juu ya kabati.

Watetezi wa soko wana hoja tatu, na hakuna ya kupuuzwa.

Ya kwanza: aliyeuza alikubali. Ni kweli, nilikubali, hata niliomba 3,000 kwanza. Lakini nilikubali kuuza nini? Ukiwa ndani ya matatu kiti ni chako mpaka steji yako. Umekilipia, huwezi kusimamishwa. Hiyo haikupi ruhusa ya kukifungua na spana ushuke nacho. Shosho alikalia, mathe akakalia, dada yangu alikuwa anangoja zamu yake. Mimi nilikuwa abiria tu. Ridhaa yangu ilikuwa halisi, ila haikuwa na kitu ndani yake.

Ya pili: aliyenunua hakujua. Labda. Lakini angalia ule mstari tena: mkusanyiko wa mtu binafsi. Gari likiuzwa hapa bila logbuku utauliza maswali mpaka muuzaji akimbie. Lakini kitu cha kale kikikosa historia, watu huona ni kawaida, hata kinapendeza zaidi. Kutojua kwa aina hii mtu hukununua. Kimo ndani ya bei.

Ya tatu ndiyo nzito: tumevihifadhi, kwenu vingeliwa na mchwa. Kwa kigango jibu ni kwamba mchwa ni sehemu ya mpango. Kinaachwa pale kisimame, kinyeshewe, kichakae na kirudi udongoni. Kukihifadhi ndani ya kioo chenye hewa baridi ni kama kukatalia maiti ya mtu kwa sababu unajua kuitunza vizuri. Lakini bangili ya shosho haikukusudiwa kuoza. Na mahali ilipokuwa, kusema kweli, palikuwa mkebe wa Blue Band katika nyumba yenye mwizi. Hoja ya tatu inaniuma kwa sababu kwa upande wangu ina ukweli kiasi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kitu kizuri kinachotoka hapa kwenda kuuzwa ni dhambi. Yale mawe ya kijani yanayochimbwa Taita Taveta yanaitwa tsavorite, jina lililotokana na Tsavo na kutangazwa na duka la Tiffany la New York mwaka 1974. Jiwe likiuzwa, maswali yangu ni mengine: mchimbaji alilipwa ngapi, nani alishika leseni, shimo lilimwangukia nani. Hayo ni maswali ya haki, na ni makubwa. Lakini jiwe halimngoji mtu arudi. Bei ya haki ingetosha. Kwa kigango hakuna bei ya haki, hata ukiongeza sufuri. Na bangili? Iko katikati, ndiyo maana ilinikosesha usingizi.

Basi, kununua tena ni kuokoa au ni kushiriki? Wengine wamejibu kabla yetu. Desemba 2013, huko Paris, vitu vitakatifu vya Wahopi na Waapache wa Marekani vilikuwa vinapigwa mnada, na mahakama ilikuwa imekataa kuzuia. Wakfu wa Annenberg ukapiga simu kimyakimya, ukapanda dau, ukanunua vipande 24 kwa takriban dola 530,000 na kuvirudisha kwa wenyewe. Hapo ni nani angelalamika? Ila muuzaji alilipwa, na soko likajifunza kwamba uchungu wa wenye mali nao ni mteja.

Miaka minne kabla, mji huo huo, Christie's walipiga mnada vichwa viwili vya shaba, panya na sungura, vilivyoporwa Beijing mwaka 1860. Mchina aitwaye Cai Mingchao alishinda kwa zaidi ya yuro milioni 31, halafu akatangaza kwamba halipi. Mnada ukabaki na nyundo mkononi. Wengine walimwita shujaa, wengine tapeli. Mwaka 2013 vichwa hivyo vilirudishwa China, vikitolewa kama zawadi na familia ya Pinault, wenye Christie's yenyewe.

Na hata njia safi ina matope. Jumba la makumbusho la Denver liliamua lenyewe kurudisha vigango 30. Vilipofika Nairobi mwaka 2019, ikaripotiwa kwamba vimezuiwa uwanja wa ndege vikidaiwa ushuru, kama bidhaa yoyote iliyoagizwa kutoka nje. Wazee wa watu wamerudi nyumbani na wanaambiwa walipiwe kama marobota ya mitumba ya Gikomba. Nilicheka, kisha nikaona ni dalali yule yule na karatasi yake, isipokuwa huyu hakuwa na wa kumwambia hiyo wacha.

Jumatano jioni nilienda kwa mathe. Bado yuko Umoja, ploti nyingine. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nikamwonesha simu tu.

Aliivuta picha kwa vidole, akaitazama muda mrefu.

"Inafanana," akasema.

"Mum, ni mimi niliiuza."

"Najua. Ulidhani nilidhani ni panya?"

Miaka yote hiyo. Nikamwambia naweza kuinunua, pesa zipo, mnada ni kesho. Hakujibu hapo hapo. Aliendelea kutazama picha, akiwa anahesabu kwa midomo.

"Na hizi zingine sita ni za kina nani?"

Sikuwa nimejiuliza. Siku nne nzima nilikuwa nimeitazama ya tatu kutoka kushoto. Nilikuwa nimesoma juu ya Paris na Denver, nikapima hoja za soko moja moja, na sikuwa nimewaona wanawake sita waliokuwa kwenye ile picha pamoja na shosho. Pengine mmoja wao alifia uzeeni bila kuvua yake. Pengine mwingine ana mjukuu Kayole aliyepanda kiti.

"Ukinunua zote utaziweka wapi?" akaniuliza. "Kwa mkebe?"

Sikupanda dau. Sisemi hilo ndilo jibu sahihi kwa kila mtu. Yule wa Annenberg alifanya vizuri, na laiti ningekuwa na hakika ni ya shosho pengine ningefanya kama yeye. Lakini kulikuwa na kitu ambacho pesa ya chama isingenunua na ambacho mimi ninacho. Historia ya kitu hukatika kwa sababu mtu wa kwanza kwenye mnyororo hunyamaza. Mwizi hasemi, dalali haulizi, mnunuzi hajui, na mnada unaandika mstari mmoja.

Kwa hiyo usiku huo niliwaandikia wale wa mnada. Nilisema kwamba mwaka 2017, mtaa wa Umoja, Nairobi, niliuza kwa shilingi 2,500 bangili inayofanana na ya tatu kutoka kushoto. Kwamba haikuwa yangu. Kwamba ilitoka Kitui, kwa mwanamke aliyeivaa tangu ujana wake na hakuiuza. Niliwaomba waseme fungu lile lilipitia kwa nani. Mathe alinifanya niongeze sentensi moja kuhusu zile sita.

Hawajajibu. Fungu liliuzwa Alhamisi, na ukurasa wake bado uko, na lile neno la kuonesha kimeenda. Nimehifadhi picha. Mathe ameomba nimprintie, ile ya bangili zote saba, na jana nilipopita kwake nilikuta ameibandika jikoni, karibu na kalenda.